Went, bought, saw: mwongozo kamili wa vitenzi vikorofi vya Kiingereza kwenye wakati uliopita

Kama ulipita shule ukakaririshwa ile orodha inayoanza na arise, awake, be, bear, beat mpaka write, basi unajua kilichotokea, ulifika herufi C usingizi ukakubeba, na mpaka leo ukisema "yesterday I..." ulimi unasimama hapohapo unatafuta kama ni bringed au brang au brought. Mimi ile orodha niliimaliza mara mbili nzima. Naweza kukutajia forsake, forsook, forsaken hata ukiniamsha usiku wa manane, na sijawahi hata siku moja kuhitaji kumwambia mtu forsook. Na wakati huohuo nilikuwa nawaambia watu "I didn't went" bila kushtuka kabisa. Kwahiyo shida haikuwa kichwa kizito, shida ilikuwa nimejua neno bila kujua linakaa wapi kwenye sentensi, alafu nimeanza na maneno ambayo hata wenyewe Waingereza wanayatumia kwa nadra.

Hapa tunaenda kwa hatua. Kama una haraka soma hatua ya 2 na ya 4, zile nyingine utarudi.

Hatua ya 1: jua unapambana na kitu gani

Njia ya kawaida ya Kiingereza ni kubandika -ed, work inakuwa worked, play inakuwa played, want inakuwa wanted. Vya hivyo viko maelfu, havina shida. Alafu kuna kundi dogo limekataa -ed, kila kimoja kina tabia zake, hivyo ndo naviita vikorofi. Ukihesabu mpaka vya kizamani na vile vilivyoungwa kama understand na forgive unafika kama mia mbili hivi, lakini mtu mwenye 70 vizuri kichwani anaongea siku nzima bila kukwama.

Ukorofi wao uko hapa: vichache kwa idadi, vingi kwa matumizi. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi kwenye Kiingereza ni be, have, do, say, make, go, take, come, see na get, na vyote kumi ni vikorofi, hakuna hata kimoja kinachochukua -ed. Ukiwaza utaona ni jambo la kawaida tu kwa lugha. Sisi wenyewe amri ya kusoma ni soma, ya kukaa ni kaa, lakini ya kuja ni njoo, na ya kwenda ni nenda. Nani alikufundisha njoo? Hakuna, ulilisikia mara elfu kumi kabla hujaota meno. Neno likisemwa kila saa halinyooshwi na mtu, kila kizazi kinalipokea vilevile lilivyo. Neno likisemwa mara moja kwa mwaka watu wanasahau umbo lake la zamani wanalipachika kanuni ya kawaida, yanaisha. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya vitenzi 177 vilivyokuwa vikorofi kwenye Kiingereza cha kale, wakakuta kwamba kufika kile cha zama za kati vilibaki vikorofi 145, na leo vimebaki 98. Help zamani ilikuwa inaenda holp, leo ni helped kama mtoto mtulivu.

Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, usikariri kwa alfabeti, kariri kwa matumizi, go kabla ya forsake. Pili, kundi hili karibu haliongezeki, vitenzi vipya vinavyozaliwa vinachukua -ed tu, ndo maana tunasema texted, googled, emailed. Ukikutana na kitenzi kipya cha mambo ya kompyuta weka -ed ulale.

Kitu kingine cha kujua mapema, kila kimoja kina sura tatu na watu wengi wanaziita V1, V2 na V3, yaani see, saw, seen. V2 inasimama yenyewe. V3 haisimami bila mtu wa kuishika mkono. Tutafika.

Hatua ya 2: mzigo wa jana unabebwa na mtu mmoja tu

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote ni mapambo. Chukua Kiswahili chako: nilienda. Kanusha. Sikuenda. Umeona ile -li- imepotelea wapi? Imetoka, ikaingia -ku- ikabeba kazi ya kusema jambo limepita, na hujawahi kumsikia mtu mzima akisema "sikulienda". Huwezi kuweka alama mbili za jana kwenye neno moja, sikio lako linakataa.

Sasa Kiingereza kinafanya hivohivo. "I went." Kanusha: "I didn't go." Hiyo did ndo -ku- yao. Imeshabeba jana yote mgongoni, kwahiyo kitenzi kinatua mzigo kinarudi V1. Ukisema "I didn't went" umesema sikulienda, na Mwingereza anasikia vilevile wewe ungesikia.

Kwenye kukanusha tukishaelewana wengi wanatulia. Balaa liko kwenye maswali, kwasababu Kiswahili kwenye swali hakibadilishi kitu, "ulimwona" ni "ulimwona?" unapandisha sauti tu. Wenzetu hapo wanaleta did tena: "Did you see him?" Sio saw. Did iko mbele, mzigo umebebwa, see inabaki see. Kwahiyo fanya hivi, kila kitenzi unachojifunza kipitishe kwenye mazungumzo haya matatu mafupi kwa sauti:

Did you see him?
Yes, I saw him.
No, I didn't see him.

Badilisha sasa weka buy it, take it, find it, break it, write it. Did you break it, yes I broke it, no I didn't break it. Ukifanya hivi kwa vitenzi vitano kwa siku, baada ya wiki moja utaanza kusikia "didn't broke" inakukwaruza masikioni, na hiyo ndo dalili unayoitaka, kwasababu katikati ya maongezi hakuna mtu anayefikiria kanuni, anasikiliza tu kama imekaa sawa.

Kanuni hiyohiyo ya mbebaji mmoja inaua makosa mengine matatu kwa mpigo. La kwanza ni "I wanted to went". Sisi tunasema nilitaka kwenda, hatusemi nilitaka kulienda, basi na wao: "I wanted to go", wanted imebeba, go imetulia. Baada ya to ya namna hii ni V1 daima, iwe jana iwe mwaka juzi. La pili ni could, should, would, must na ndugu zao, "I could saw" hakuna, ni "I could see". La tatu ni "I was go" na wakati mwingine "I was went", hii najua inatoka wapi, inatoka kwenye nilikuwa. Mtu anawaza -li- sawasawa na was. Hapana. Was ni nilikuwa, na nilikuwa inataka mwenzake: nilikuwa naenda, "I was going". Nilienda peke yake ni "I went" na was haihusiki hata kidogo.

Kuna na wale wanaoitumia did kama -li- kila sehemu, "I did go, I did buy, I did eat". Kisarufi sio kosa, ila maana inabadilika, ni kama unabishana na mtu, yaani nilienda kweli jamani, mbona huniamini. Ukiitumia kusimulia siku nzima utaonekana umetoka kwenye ugomvi.

Mmoja tu haingii kwenye utaratibu wa did, naye ni be. Was ni kwa I, he, she na it. Were ni kwa you, we na they, na you inachukua were hata kama unaongea na mtu mmoja. Kukanusha unaweka not tu, "I wasn't there", na kuuliza unageuza, "Were you there?" Ukisema "Did you be there" hapana. Have na do zenyewe zinafuata did kama wengine: "I had time, I didn't have time", "I did it, I didn't do it". Hiyo ya mwisho ina do mbili na watu wanaogopa, usiogope, ya kwanza ni mbebaji, ya pili ndo kufanya kwenyewe.

Zawadi ndogo kabla hatujasogea: ile s ya he goes, she takes, kwenye wakati uliopita haipo kabisa. I went, he went, they went. Ukitoa be, V2 haijali nani kafanya.

Hatua ya 3: wapange kwa ukoo

Vikorofi vinaonekana vurugu ukiviangalia kwa alfabeti. Ukivipanga kwa sauti utakuta vina koo, na ukimjua mmoja umewajua na ndugu zake.

Ukoo wa wasiobadilika: cut, put, hit, let, set, shut, hurt, cost, quit, split, spread, burst. V1, V2 na V3 zote sawa. Angalia mwisho wa kila mmoja, wote wanaishia na t au d, kama vile mlango umeshafungwa na -ed imekosa pa kuingilia. Utajuaje ni jana? Kwa ile s iliyokosekana. "He puts it here" ni tabia yake, "He put it here" alishaiweka. Kuna mjanja mmoja kwenye ukoo huu, read, anaandikwa vilevile ila V2 na V3 zinasomwa "red" kama rangi nyekundu.

Ukoo wa d kuwa t: send sent, spend spent, lend lent, bend bent, build built. Na hapa ndo kwao na went, usishangae. Zamani kulikuwa na kitenzi wend, maana yake kwenda, V2 yake went kama send na sent. Go ikapoteza ya kwake ikaazima ya jirani na mpaka leo haijarudisha.

Ukoo wa i ndefu kufupishwa: keep kept, sleep slept, feel felt, meet met, leave left, lead led, feed fed, mean meant, deal dealt. Masikioni ni "ii" inakuwa "e". Meant inasomwa "ment" na dealt "delt", ile a ni mapambo ya maandishi.

Ukoo wa -ught ndo unaotisha na ndo rahisi kuliko wote. Gh haisomwi kabisa, zote zinaishia "ot": bought ni "bot", taught ni "tot". Shida ni kuandika, lini ou lini au? Angalia V1. Kama ina a ndani yake, V2 ina a: teach taught, catch caught. Kama haina a, ni o: buy bought, bring brought, think thought, fight fought, seek sought. Hakuna mwalimu aliyeniambia hii, niliiona siku moja nimekaa naziangalia tu, na kwa hivi saba haijawahi kunidanganya. Ya kuchunga ni bought na brought, r moja ndo inayotenganisha kununua na kuleta. Buy haina r, bought haina r. Bring ina r, brought ina r. Basi.

Ukoo wa i, a, u: sing sang sung, ring rang rung, drink drank drunk, swim swam swum, begin began begun, sink sank sunk. Huu uimbe, unaimbika wenyewe. Ila usije ukaubeba mpaka kwa bring na think, hao tumewaacha ukoo wa juu. Na kuna binamu zao wameruka a wakaenda u moja kwa moja, V2 na V3 sawa: dig dug, stick stuck, hang hung, swing swung, spin spun, na win won ambayo inaandikwa o ila inasomwa kama one.

Ukoo wa o na n mwishoni: speak spoke spoken, break broke broken, steal stole stolen, choose chose chosen, wake woke woken, drive drove driven, write wrote written, ride rode ridden, forget forgot forgotten. Get kwa Waingereza ni got got, Wamarekani V3 wanasema gotten, chagua upande ukae nao. Kwenye kuandika angalia written na ridden zina herufi mbili katikati wakati wrote na rode zina moja.

Ukoo wa ew: know knew known, grow grew grown, throw threw thrown, blow blew blown, na wawili wa pembeni fly flew flown, draw drew drawn. Show kaukimbia ukoo, ni showed shown.

Waliobaki ni wawili wawili na watatu watatu. Tell told na sell sold. Take took taken na shake shook shaken. Stand stood, na understand ikienda understood kwa sababu ni stand tu imevaa kofia. Pay paid, say said, ila said inasomwa "sed", ukiisoma "seid" utaeleweka ila itakutambulisha. Come came come na become became become, hizi V3 inarudi kuwa V1 na inawachanganya watu kila siku, pamoja na run ran run. Give gave given, eat ate eaten, fall fell fallen, see saw seen. Make made, hear heard, find found, hold held, sit sat, lose lost.

Usizimeze zote leo. Ukoo mmoja kwa siku mbili inatosha.

Hatua ya 4: V2 au V3?

Kwa Mswahili hapa kuna njia ya mkato na kuna shimo kwenye hiyo njia.

Mkato ni huu: -li- inaelekea kwenye V2, -me- inaelekea kwenye have na V3. Niliona, I saw. Nimeona, I have seen. Sijaona, I haven't seen. Umewahi kuona, have you ever seen. V3 lazima ishikwe mkono na have, has au had, au na be kama jambo limetendwa: barua iliandikwa, "the letter was written". Kwahiyo "I seen him" ni V3 imetembea peke yake barabarani, na "I have saw" ni V2 imeshikwa mkono wakati inajua kutembea. Zote mbili makosa.

Kuna mahali herufi moja inageuza maana na nakuwekea uone. "I'm broke" maana yake sina hela. "I'm broken" nimevunjika, moyo au mwili. Niliwahi kumwandikia mtu mmoja "I am broken this month" nikimaanisha mfuko umekauka, akanijibu kwa huruma nyingi sana akiniuliza kama nina mtu wa kuongea naye, nikakosa hata pa kuanzia kueleza.

Sasa shimo. La kwanza, kwenye maongezi sisi tunasema nimefika jana, nimemwona juzi, hakuna anayekushangaa. Kiingereza hakikubali kabisa have ikae na tarehe iliyokwisha. Ukitaja yesterday, last week, two days ago, in 2019, when I was young, basi ni V2, "I saw him yesterday", hata kama kichwani kwako imekuja na -me-. Jiulize tu: nimetaja lini? Nimetaja, V2. Sijataja, au jambo bado linagusa sasa hivi, have na V3.

La pili, -me- yetu mara nyingi haisemi kilichotokea, inasema hali ya mtu. Amelala, hatukusudii alishamaliza kulala, tunasema yuko usingizini. Kwahiyo amelala ni "he is asleep", amekaa ni "he is sitting", amechoka ni "he is tired", amevaa kofia ni "he is wearing a hat". Ukisema "he has slept" umesema alipata usingizi wake, yameisha. Hii huwa nakutana nayo hata kwa watu wanaoongea Kiingereza kizuri sana.

Hatua ya 5: mapacha wadanganyifu

Haraka haraka. Fall fell fallen ni kuanguka, feel felt felt ni kuhisi, "I felt down" sio nilianguka, nilianguka ni "I fell down". Find found ni kupata kitu, lakini kuna found nyingine ni V1, kuanzisha taasisi, yenyewe inaenda founded. Leave left ni kuondoka, live lived ni kuishi, na kwa sababu sisi tuna i moja tu mdomoni, kwenye leave ivute kidogo. Rise rose risen ni kupanda chenyewe kama jua, raise raised ni kupandisha kitu. Fly flew, flow flowed. Hang ni hung ukining'iniza picha, ila mtu aliyenyongwa wanasema hanged.

Na lie na lay, hapa hata wenye lugha wanagongana. Lie kulala chini ni lie lay lain. Lay kulaza kitu ni lay laid laid. Lie kudanganya ni lied ya kawaida. Ukiona inakuchosha sema "I went to bed" maisha yaendelee.

Hatua ya 6: zoezi lenyewe

Usiandike orodha ya maneno, andika sentensi yenye pengo. Kadi inayosema "bring = brought" inakufundisha kujibu mtihani, kadi inayosema "She ____ me some water and I drank it" inakufundisha kuongea. Irudie kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu baada ya wiki. Ikikushinda inarudi mwanzo wa foleni.

Na kila usiku jirekodi kwenye simu dakika mbili ukisimulia siku yako ilivyoenda, bila kuandika kwanza, niliamka, nilikutana na nani, nilisahau nini. Kusimulia siku ni wakati uliopita mtupu, hauna pa kukwepa. Alafu isikilize. Utajisikia vibaya, ni kawaida, sikiliza hivohivo na uandike makosa matatu tu, sio yote.

Tufanye moja pamoja. Hii hapa ina makosa 12, yatafute kabla hujashuka chini:

"Last night I come home late. I was think everybody has slept, but I seen a light under the door. I didn't knew who it was. I taked my phone and try to called my brother, but he didn't answered. Then I hear a voice. It was my sister. She had came early and nobody has told me."

Come iwe came, kwa sababu tumesema last night. Was think iwe thought, ni niliwaza, hakuna nilikuwa hapo. Has slept iwe was asleep, ni ile amelala yetu. Seen iwe saw, imetembea peke yake. Didn't knew iwe didn't know. Taked iwe took. Try iwe tried, na baada ya to, called iwe call, na angalia hapo jinsi mzigo ulivyohama, mwandishi aliuweka kwa call wakati mwenye zamu ya kuubeba alikuwa try. Didn't answered iwe didn't answer, na uone answer sio kikorofi ila did inakishusha mzigo vilevile. Hear iwe heard. Had came iwe had come, V3 ya come ni come. Na has told iwe had told, kwa sababu tunasimulia jambo lililotangulia jambo lingine la jana.

Kama uliona nane au zaidi uko vizuri, nenda kwenye koo ulizokosa. Kama uliona chini ya tano, rudi hatua ya 2, sio ya 3.

Ukikwama katikati ya maongezi

Itatokea, uko mbele ya watu na V2 ya choose imegoma kuja. Usisimame. Tafuta mbebaji mwingine abebe jana, wewe ubaki na V1 unayoijua: "I had to choose", "I decided to choose", "I tried to choose". Kama unataka kusema jambo ulilokuwa unalifanya zamani, "I used to choose". Zote ni Kiingereza safi na hakuna atakayejua umekwepa. Ikishindikana kabisa bandika -ed usonge mbele, "I choosed the blue one", kila mtu ataelewa, na aliye karibu kuna uwezekano mkubwa akarudia kwa kukuuliza "oh, you chose the blue one?", hapo umeipata bure, irudie palepale kwenye sentensi yako inayofuata.